Kila Mtoto Namwambia "Vizuri"

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, maana sijui nishike lipi niache lipi. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, mvi zimeniotea shuleni, na tangu serikali ianze kutulipa sisi wakongwe posho ya kubaki darasani nyumba yangu imepumua, kwa sababu baba watoto amepooza upande mmoja na dawa zake zinatoka kwenye posho hiyo, lakini masikio yangu yamekufa, mtu asiponisogelea sisikii kitu, na mwalimu akihamishiwa ofisini posho inakatwa palepale, basi nimenyamaza, watoto wakija mezani kunisomea natazama midomo inavyocheza, natikisa kichwa, nasema vizuri, anayefuata, na walivyo wajanja wamenigundua, wengine wanashika kitabu kichwa chini miguu juu, wenzao wanacheka, nami nacheka nao. Juzi akaja mama mmoja muuza mkaa, hakugomba, akanisogelea, akasema, "Mwalimu, mwanangu hajui kusoma hata jina lake, na kila siku ananiambia umemsifu. Nani mwongo?" Nikamjibu mtoto ni mvivu, na mtoto mwenyewe amesimama pale. Nimemweleza mume wangu, akasema kwa shida, "Mama, vumilia. Mimi nitakwenda wapi?" Nikisema ukweli, namuua mume wangu, nikinyamaza, nawaua watoto wa watu.

Mwalimu Mkongwe

Mwalimu, pole sana, mgonjwa ndani ya nyumba si mchezo. Sasa nikuseme kidogo. Posho hiyo hulipwi kwa kuzeeka. Unalipwa kwa sababu sikio la siku nyingi linajua mtoto anakwama wapi, na sikio hilo limekwenda huku wewe unaendelea kupokea.

Nenda hospitali upimwe. Huenda ukapewa kifaa cha kusikilizia ukarudi darasani. Umeogopa hata kuuliza. Majibu yakiwa yoyote, mpelekee mwalimu mkuu kwa mkono wako, na mwombe mwalimu kijana awasikilize watoto wakisoma. Posho ikikatwa imekatwa, sikudanganyi, na itabidi uwaite shemeji zako wachangie dawa za ndugu yao. Aibu hiyo imeze. Njia nyepesi sina.

Lakini kabla ya yote, nenda kwa muuza mkaa. Mwambie, mtoto akiwepo, kwamba mwanawe hakuwa mvivu, wewe ndiye hukuwa ukimsikia. Usimwachie mtu mwingine kazi hiyo, wala usingoje wiki ijayo. Wewe husikii, mwalimu, lakini mtoto alikusikia.