Maji ya Kitindamimba

9 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba jirani yako mshonaji bado anakuamsha kwa kugonga dirisha kama mwenye kudai kodi. Mimi ni mzima, ukiondoa usingizi, ambao tangu tumzike Kaka umekuwa mgeni wa kupita bila kukaa.

Nimeelewa kwamba hutapokea simu tena. Simu ndiyo iliyokuletea habari kwamba Kaka ameanguka kutoka kwenye ngazi akifunga nyaya za umeme, na simu hiyohiyo ikakueleza kwamba moyo wake unapiga lakini ubongo umekwisha kufa. Sikulaumu. Tutaandikiana.

Kuna jambo ambalo ni lazima ulisikie kutoka kwangu. Figo uliyompa Kaka, ambayo ulikubali kando ya kitanda chake kwamba apewe mgonjwa mwingine, imekwisha kupandikizwa. Figo kuhamishwa mara mbili ni tukio la nadra, na kitengo chetu cha utafiti kitamfuatilia aliyeipokea, ili tujue figo ya namna hiyo huishi vipi. Nilidhani ningewekwa kando kwa sababu ya udugu. Niliomba iwe hivyo. Tuko wachache mno, wakanikatalia. Kwa hiyo mtu huyo nitamwona kila mara, na wewe sitakuambia lolote: si jina, si umri, si hali yake. Kanuni inamlinda yeye dhidi ya deni la shukrani, nawe inakulinda dhidi ya matumaini. Sentensi hiyo nimeiandika kwa uhakika kuliko ninavyoiamini.

Binti yako


21 Machi

Mwanangu Daktari,

Marahaba. Hapa kwetu salama. Mwili wangu upo, roho inaufuata nyuma kwa kuburuza miguu, kama mtoto asiyetaka shule. Jirani anakusalimu, anauliza utaolewa lini. Nimemwambia akushonee gauni kwanza, bwana atafuata.

Kanuni zako nimezisoma. Sitaki jina la mtu. Nataka neno moja tu: anakojoa?

Usinune. Siku ile ya upasuaji, madaktari wote, na wewe na miwani yako, hamkuuliza homa wala mapigo ya moyo. Mlisimama mkiukodolea macho ule mfuko wa plastiki chini ya kitanda cha kaka yako. Mimi nimelazwa chumba cha pili, nasikia kimya. Mara muuguzi akapiga kigelegele, kikapita ukutani, nikajua mkojo umetoka. Nikasema: nimezaa mara ya tatu, na huyu ndiye kitindamimba wangu. Nilicheka mpaka nyuzi zikanikemea.

Tangu hapo kaka yako hakuwahi kuvuka kizingiti changu kabla sijamwekea kiganja chini ya tumbo, pale palipotuna, nikamuuliza, “Umempa maji?” Naye hujibu, “Kashiba, Mama. Anacheua.”

Sasa naweka glasi mbili mezani, moja yangu na moja yake. Jirani ananicheka: “We mama, unanywesha hewa!” Acha acheke. Ubavuni mwangu kuna kitu kinajigeuza, kama mtoto aliyelazwa kitanda kisicho chake.

Haya. Anakojoa?

Mama yako


14 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwamba unacheka, hata kama ni kicheko cha zamani unachokipasha moto. Nami naendelea vizuri, kazi nyingi.

Sitajibu swali lako. Nikikujibu leo kwamba ndiyo, utauliza kesho, na siku nitakaponyamaza utajua. Ukimya wangu una maana ukiwa ni uleule siku zote, wa heri na wa shari.

Kuhusu ubavu: tunapomtoa mtu kiungo, mishipa ya fahamu hukatwa, lakini hiyo mishipa haipewi taarifa kwamba mwenyeji kahama. Huendelea kumbishia hodi. Waliokatwa mguu huwashwa vidole ambavyo havipo. Nadhani ndicho kinachokusumbua, na huzuni inakiongezea sauti.

Hayo ndiyo maelezo. Sina hakika kwamba maelezo ni sawa na jibu. Wiki iliyopita nilipomchunguza mgonjwa wangu nilimwekea kiganja chini ya tumbo, kama taratibu zinavyotaka, nikajikuta nimeusahau mkono wangu pale. Akaniuliza, “Kuna tatizo, Daktari?” Nikasema hapana. Ulimi wangu ulikuwa umekwisha kuanza kuuliza kama amempa maji.

Kunywa glasi yako. Hiyo nyingine imwage tu.

Binti yako


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba mama. Nimechelewa kukujibu, mkono ulikuwa mzito. Sijambo ya kujikongoja.

Kazini wananitania. Viatu vyangu vya kufulia vimesinyaa, vidole haviingii, natembea na kandambili za Jirani. Msimamizi anasema nimependeza, uso umejaa, eti msiba umenikubali. Nikamwambia, “Basi fiwa na wewe upendeze.” Akakimbia.

Chakula hakipandi. Kila nikitiacho mdomoni kina ladha ya funguo. Tena nikuchekeshe: siku hizi hata chooni naacha povu. Miaka yote hii nafua mashuka ya hoteli. Naona sabuni imemaliza kazi ya nje, sasa imeanza ndani.

Lakini sikuandikii kwa hayo. Juzi adhuhuri nakunja mashuka, ubavu ukanipiga pigo moja, nikaketi juu ya nguo chafu. Nikamsikia, mwanangu. Kitindamimba anaumwa huko aliko. Sikuombi uniambie neno. Nakuomba uende ukamwangalie. Umwangalie kwa macho ya dada.

Glasi yake siimwagi.

Mama yako


19 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya hiki. Hakikuwa kimya nilichokuahidi, kile cha heri na shari; kilikuwa kimya cha mtu aliyefanya jambo akawa hajui alitaje.

Nilimwita mtu fulani kabla ya zamu yake. Sikuwa na sababu ya kitabibu. Sababu yangu ilikuwa barua yako. Nilimpima damu, nikampima mkojo, kisha nikarudia, na katika fomu nikaandika “uangalizi wa kawaida”, jambo ambalo nitalieleza mbele ya wakubwa wangu kesho. Ningalimwadhibu mwanafunzi kwa hilo.

Lakini si kosa hilo linaloniamsha. Ni kwamba nilipokuwa nikingoja majibu ya maabara niliomba, mimi mwenye elimu hii yote, yaje mabaya. Kasoro ingemaanisha kwamba kuna uzi kati yako na huko, na kama kuna uzi, basi Kaka hajaondoka kabisa, yumo mahali fulani kati ya ncha mbili. Majibu yakaja. Sitakuambia yalisemaje. Nitasema tu kwamba nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, na kwamba daktari mwema angerudi akiimba.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu kama mtu anayekaa na hesabu iliyokataa. Kama uzi haupo, je, pigo lile la ubavuni lilitoka wapi? Hatimaye leo nimefanya ambalo ningalimfanyia mgonjwa yeyote wa barabarani: nimeisoma upya barua yako kana kwamba mwandishi wake simjui.

Viatu. Uso. Funguo. Povu.

Mama, anayeandika barua ile ni mgonjwa. Niliisoma nikitafuta habari za mtu mwingine. Utafiti wetu unawafuatilia waliopokea; waliotoa huitwa kupimwa kila mwaka, na wasipokuja, kama wewe ulivyoacha kuja, tunawashukuru tena kimoyomoyo na kuendelea. Nilikuuliza habari za figo isiyokuwapo. Ile iliyobaki sikuiuliza kitu.

Walikutoa ya kushoto. Unaumwa upande gani?

Nimekwisha kumpigia Jirani akupeleke hospitali ya wilaya bila kusubiri, na hospitali nimezungumza nao. Barua hii nampa kondakta wa basi la jioni, kwa sababu najua hutaondoka kwa neno la simu hata likipitia kinywa cha Jirani. Mimi nitafuata kwa basi la kesho, nikishajieleza. Nenda, Mama. Nakusihi.

Binti yako


20 Julai, asubuhi

Mwanangu,

Marahaba. Jirani kasimama mlangoni na khanga yake begani, ananiita mkaidi mzee, kondakta ndiyo kwanza anaondoka. Basi niandike haraka.

Ni kulia.

Usijipige. Hukuuliza, na mimi sikujua kwamba ni swali. Nilifikiri pacha aliyebaki anamlilia pacha aliyekwenda. Si wote tunafanya hivyo nyumba hii?

Na kuvunjika moyo kwako nimekuelewa. Nimekuzaa mimi. Umesema bila kusema. Lakini ningependa kulisikia neno lenyewe, nilisikie kama kile kigelegele cha ukutani.

Miguu haiingii hata kandambili. Jirani anasema atanibeba mgongoni. Nimemwambia mgongo huo hata shati haubebi. Glasi zote mbili nimeziacha mezani. Yangu imenishinda leo, koo limekataa. Ukifika una kiu, kunywa.

Mama yako


21 Julai, mchana

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naandika juu ya meza yako. Nimekuta mlango umerudishwa tu, na barua yako imewekewa glasi juu yake isipeperuke. Wakubwa wangu wamenitoa kwenye utafiti. Nimewashukuru, nao hawakuelewa kwa nini. Gari la kunipeleka hospitali liko mtaa wa pili linajazwa mafuta. Nimeona nikae kitini pako mpaka lifike, kisha sikuweza kukaa bila kukuandikia.

Glasi moja imejaa hadi ukingoni. Nyingine ni tupu, na kavu. Nimeziangalia sana. Najua joto la chumba hiki, najua maji hukauka, najua pia kwamba hayakauki glasi moja yakaacha jirani yake. Labda ulimnywesha na hukumbuki. Labda Jirani aliinywa akikungoja. Maelezo ni mengi na yote yanatosha. Nimekunywa iliyobaki, kwa sababu ulisema ninywe.

Simu yangu inaita. Ni Jirani. Imekatika, na sasa anapiga tena. Leo nimeelewa kwa nini uliacha kupokea: mpaka mtu aipokee, bado mambo ni yaleyale. Gari linapiga honi nje. Nitapokea, Mama, naahidi, lakini nikimaliza mstari huu, ili neno ulilotaka liwe nimelisema wakati ungali mtu ninayeweza kumwambia.

Anakojoa. Kitindamimba anakojoa, Mama, vizuri sana.

Binti yako