Pikapu ya Ofisi Kwenye Maji ya Ngana

Kyela

Kwa Baba yangu,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Goti linaendeleaje? Uliposema kwenye simu kwamba limepona, nilimsikia Mama nyuma yako akisema halijapona, kwa hiyo naomba jibu la kweli. Na Mama macho yake yakoje? Mtama umepata mvua ya kutosha, au mawingu yamepita tu kama mwaka jana? Mimi mwili ni mzima, nakula na kulala. Mvua za huku bado hazijakata, nguo hazikauki, na chumvi jikoni imegeuka maji.

Siku ile nilipopiga, wewe ulisikia "gari limezama", mtandao ukakatika, na najua mmekaa na hilo neno moyoni. Gari halikuzama. Nimeona nikuandikie yote kwa utulivu, na barua hii naituma pamoja na mfuko wa mchele kwa mwalimu mmoja wa hapa anayekwenda kwao Dodoma. Mchele ni wa mwaka huu. Mama asiuloweke muda mrefu.

Ilikuwa hivi. Dereva wetu wa ofisi yuko likizo, na mimi nina kibali cha kuendesha, kwa hiyo nilikwenda mwenyewe na pikapu kijiji kimoja cha Ngana kumwona ng'ombe aliyezaa na kondo la nyuma likabaki. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, lakini asubuhi barabara ilipitika. Nilimtibu yule ng'ombe, nikanywa chai kwa mwenye nyumba, nikaanza kurudi mjini. Kufika pale barabara inaposhuka kati ya mashamba ya mpunga, sikuiona barabara. Mto Songwe ulikuwa umefurika na maji yalikuwa yanapita juu yake, ya rangi ya udongo, yanatoka kulia kwenda kushoto kwa kasi. Ng'ambo niliona watu wamesimama na pikipiki zao, wananitazama kama mimi nilivyowatazama wao.

Nilizima gari. Wewe ulinifundisha kwenye makorongo ya huko kwetu kwamba maji usiyoyajua chini yake huyaingii, unasubiri yapungue. Nikasubiri. Niliweka kijiti pembeni kuangalia kama yanapungua, na kijiti kikamezwa.

Ndipo nikasikia watu nyuma yangu. Wanaume wanne walikuwa wamebeba kitanda cha kamba, juu yake amelala mzee amejikunja, na mwanamke anatembea kando ameshika kanga yake kifuani. Mzee anaitwa Ambakisye, mkulima wa kokoa. Mwanamke ni mke wake, Mama Atupele. Waliponiona mimi na gari, wakaweka kitanda chini.

"Mwagonile, daktari," akasema Mama Atupele. Ndivyo wanavyosalimia huku. "Mtazame mzee."

"Mama, mimi ni daktari wa ng'ombe."

"Si ndiyo daktari?"

Nikamtazama. Ilikuwa ngiri, Baba. Alikuwa nayo miaka mingi, lakini asubuhi ile utumbo ulikuwa umeshuka na kubanwa, haurudi. Mganga wa zahanati alikuwa ameshawaambia afikishwe hospitali ya wilaya apasuliwe, na siku hiyohiyo. Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mtu Mbeya. Ndama wenye tatizo hilo nimewaona, na najua ngozi inavyobadilika utumbo unapoanza kufa. Ya mzee ilikuwa imeanza kubadilika.

Nikauliza habari ya mtumbwi. Wakanionyesha mmoja uliokuwa umejaribu, umekwenda kunasa kwenye migomba chini kabisa, na mwenyewe yuko juu ya kichuguu anangoja kuokolewa.

Mama ukimsomea, kuanzia hapa paruke mpaka nitakapofika hospitali.

Sikuamua haraka. Nilisimama pembeni ya maji nikawa nakufikiria wewe, ungefanya nini. Watu wa nyumba za karibu walikuwa wameanza kukusanyika, na kijana mmoja wa bodaboda, Lusajo, mrefu, mwenye mabega mapana, akasema barabara anaijua, hupita kila siku, na kwamba chini ni kokoto ngumu, haijakatika. Nikamwambia sitaki maneno, aingie nione. Akavua viatu, akachukua fimbo, akaingia. Katikati maji yalimfika juu ya mapaja, akayumba, akasimama. Akarudi. Nikamwuliza tena, "Haijakatika?" Akasema, "Kwenye kalavati imeliwa upande wa kushoto. Ukishika kulia, unapita."

Basi tukafanya ulivyokuwa ukifanya na lori lenu. Tulivua mkanda wa feni ili isirushe maji kwenye injini. Tulifunga turubai mbele ya gari kutoka boneti mpaka chini. Jirani mmoja akatoa magunia yake ya mpunga tukayapanga nyuma, ili gari liwe zito, na wanaume wakapanda juu ya magunia. Mzee tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mke wake, aliyekaa upande wa kushoto. Wengine, sijui ni nani aliyewapanga, waliingia majini na kusimama mistari miwili, hawa kulia na hawa kushoto, wameshikana na kamba ya kufungia ng'ombe, ili nione barabara ilipo katikati yao. Sikuwaomba. Wengi wao siwajui majina hata leo.

Niliweka magurudumu yote manne yavute, gia ya kwanza, nikaingia.

Mwanzo ilikuwa kama mchezo. Halafu maji yakapanda kwenye turubai, nikasikia bomba la moshi linagugumia chini ya maji, na miguu yangu ikalowa. Maji yalikuwa yanaingia chini ya milango. Nilikanyaga mafuta sawasawa bila kuachia. Lusajo alikuwa mbele anatembea kinyumenyume, ananionyesha kwa mikono. Pale kwenye kalavati akaanza kupunga mkono wa kulia kwa nguvu, nami nikakata kulia, lakini nyuma ya gari haikunifuata. Ilielea, Baba. Niliisikia kwenye makalio kabla ya kuiona. Sehemu ya nyuma ilikuwa inakwenda kushoto, kule barabara ilikoliwa, na usukani ukawa mwepesi kama wa gari la kuchezea.

Sikufanya kitu cha ujasiri. Niliendelea kukanyaga kwa sababu mguu ulikuwa umekakamaa. Wanaume wa mstari wa kushoto walikuja wakaweka mabega yao kwenye bodi, watu wazima, maji kifuani, wanapiga kelele kwa Kinyakyusa. Wa juu ya magunia wakahamia upande wa kulia. Injini ikakohoa mara moja, ikakaa sawa. Kisha gurudumu la nyuma likagusa kokoto, nikasikia linashika, tukaanza kupanda.

Ng'ambo watu walipiga vigelegele. Mimi nilishuka nikafungua turubai.

Tulirudisha mkanda, nikakausha breki kwa kuzikanyaga kidogo kidogo njiani kama ulivyonionyesha, maana mwanzoni hazikushika kabisa, tukafika hospitali ya wilaya. Walimpasua jioni ileile. Utumbo ulikuwa haujafa. Hapa unaweza kumwita Mama.

Mzee Ambakisye yuko nyumbani sasa, anatembea kwa kujishikilia tumbo. Nilipokwenda kumwona, jambo la kwanza aliloniuliza ni kama kokoa yake aliyoianika imelowa. Haijalowa, walimwanulia majirani.

Mkuu wangu wa kazi hakufurahi. Alizunguka lile gari lenye matope hadi kwenye vioo, mikono yake nyuma, akasema, "Hadija, hii ni pikapu, si mtumbwi." Nikamweleza. Akasema mgonjwa amepona, alhamdulillahi, lakini gari nitalisafisha mwenyewe mpaka yeye akikaa ndani asisikie harufu. Nikaona ni haki.

Kusafisha ndiyo kazi, kuliko hata kuvuka. Nilianza na maji ya bomba nje, nikadhani nimemaliza, nikafungua boneti nikaona sijaanza. Tope lilikuwa limekaa kila tundu. Ngoma za breki zilipofunguliwa zilimwaga mchanga. Oili ya difu tuliimwaga ikatoka rangi ya chai ya maziwa kwa maji yaliyoingia, tukaweka nyingine, na ya giaboksi pia. Chujio la hewa lilikuwa limelowa chini lakini juu kavu, kwa hiyo nadhani injini haikunywa maji. Kama kuna kitu nimesahau, niandikie au mwambie Kaka Idrisa anipigie, maana fundi wa hapa ananiambia "iko sawa" kwa kila ninachouliza.

Ndani nilisubiri siku ya jua. Hilo ndilo kosa. Nilipong'oa viti nilikuta mpunga ulioingia na maji ya mashamba umeshaanza kuota chini ya kapeti, majani mabichi kabisa, na chini ya kiti cha nyuma kambale mdogo aliyekufa. Harufu yake siwezi kuiandika.

Nikiwa nje ya nyumba ninakopanga, nimepiga magoti nasugua, akaja Mama Atupele. Alikuwa ametoka Ngana na mkungu wa ndizi, ndimu, na mfuko wa mkaa. Nikamwambia apumzike kivulini. Hakunisikiliza. Alikunja kanga, akachukua brashi, akaanza na sakafu. Mkaa, alisema, nikiuweka kwenye sahani ndani ya gari usiku kucha utanyonya harufu. Umenyonya kweli.

Tulifanya kazi muda mrefu. Alikuwa anasugua mlango wa nyuma wa kushoto, ule aliokaa nao. Halafu akaniuliza bila kunitazama:

"Mwanangu, huu mlango ungefunguka mle majini?"

Nikafikiri. "Ulikuwa upande yanakoelekea maji. Ungefunguka."

Akasugua tena kidogo.

"Gari liliposogea nilikishika kitasa," akasema. "Nilikishika hivi. Kichwa cha mume wangu kiko hapa mapajani, na mimi sikumfikiria yeye. Nilifikiria kutoka. Tumezaa naye, tumezika naye, na mimi nilitaka kutoka nimwache."

Nikaacha kusugua. Nilisema lililokuja. "Mimi nilikuwa na usukani wa kushika, mama. Ningekuwa nimekaa hapo ulipokaa wewe, sijui ningeshika nini."

"Lakini hukuacha gari."

"Na wewe hukufungua."

Alikaa chini pale kwenye tope, na brashi mkononi, akalia kama mtu anayekohoa, muda mfupi, kisha akajifuta kwa kiwiko. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana, na sikujua anashukuru kwa kipi. Tukaendelea. Viti tulivirudisha pamoja, yeye anashika, mimi nafunga nati. Alipoondoka niliona mlango ule unang'aa kuliko gari zima.

Mzee hajui, na mimi sitamwambia. Nimekuandikia wewe kwa sababu uko mbali, na kwa sababu umebeba watu kwenye lori miaka mingi. Lazima wengine walikuambia mambo ya namna hii, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa mbele na hukuwaona. Nataka kujua ulikuwa unayaweka wapi. Nikiingia kwenye pikapu asubuhi huwa nageuka kwanza kutazama kiti cha nyuma, halafu ndipo nawasha.

Nisalimie Mama, mwambie miwani nitamletea likizo. Msalimie Kaka Idrisa na gereji yake, na wifi, na mtoto wao ambaye naambiwa ameanza kutembea. Shangazi Zuhura, dada yako, mpe mchele kikombe kimoja zaidi ya wengine, la sivyo tutasikia. Bibi mbusu mikono kwa niaba yangu.

Goti lisikupeleke shambani.

Mwanao akupendaye,
Hadija