Nani Anapanda Namba Saba?

Kwa dada yangu mkubwa,

Natumaini barua hii itakukuta umetoka zamu salama, miguu haijavimba, na shemeji na watoto wote wazima. Yule mdogo mwambie habari za meno yake mawili kung'oka zimefika hadi huku, na mama yake mdogo anamcheka sana.

Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Baba anakula vizuri, analala chali kwa sababu ya lile bega, na uso umeanza kupona. Kaka ni mzima wa mwili ila hasemi. Tangu ile barua yako ulimomwita mtu mzima mwenye akili za chekechea, anaongea na wageni tu, na wageni wakiondoka anaongea na baiskeli. Mimi pia afya ninayo. Mengine utayasoma.

Najua umeshakata shauri kuja Jumamosi na gari kumchukua Baba akaishi kwako mjini. Kabla hujatia mafuta, kaa chini uisome barua hii mpaka mwisho. Nimekupigia simu mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza hali ya hewa.

Unanijua nilivyo na shaka. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akilalamika kwamba nikipewa zawadi nachungulia kwanza upande wa nyuma wa karatasi. Sasa hujafika ghalani tangu tuanze biashara hii, basi ngoja nikueleze kidogo ili unielewe. Lile jengo la kukamulia zabibu tulilokatazwa kuingia tulipokuwa wadogo ndilo duka letu. Baiskeli kumi na mbili za milimani zimeegemea ukutani, kila moja na namba yake niliyoipaka rangi mwenyewe. Kaka ndiye anayeongoza wageni. Anawapandisha katikati ya mizabibu hadi kwenye magofu ya kanisa, anawapitisha kwenye mnara wa walinzi, kisha wanateremka ule mteremko wa mawe hadi daraja la kale lenye matao matatu. Kila kituo ana historia yake, na historia yenyewe haikosi chumvi. Mwaka wa kwanza mnara ulilindwa na askari arobaini. Siku hizi wamefika mia tatu, sijui walikuwa wanalala wapi mle ndani.

Mimi kazi yangu ni spana. Wageni wakirudi naziosha baiskeli zote, nakaza kilicholegea, natia mafuta minyororo. Huku kwetu, kama unavyojua, mkono wa kulia hubana breki ya nyuma na wa kushoto ya mbele. Wapo wageni waliozoea kinyume chake, na hao huniomba niwageuzie waya. Nikishageuza nafunga utepe mwekundu kwenye usukani, ili mwingine asije akaichukua kwa mazoea akajikuta chini.

Miezi miwili iliyopita nilianza kuona mambo kwenye namba saba. Niliiosha jioni, asubuhi nikaikuta na vumbi jeupe kwenye spoku. Udongo wetu wote ni mwekundu, dada. Vumbi jeupe liko sehemu moja tu, njia ya kwenda darajani. Nikadhani nimepitiwa. Siku hiyo jioni nikaiosha huku nimeikodolea macho, nikaisimamisha peke yake. Asubuhi vumbi lilelile, na kiti kimepandishwa vidole viwili. Wiki iliyofuata mipira ya breki ya nyuma ilikuwa imelika vibaya, na jani la mzabibu limenasa kwenye mnyororo, bado bichi.

Ghala lina funguo mbili. Mmoja ninao mimi, na unajua nalala kwangu karibu na stendi, sifiki kazini kabla ya saa mbili. Wa pili anao Kaka, anayekaa na Baba katika nyumba iliyoungana na ghala. Nikamuuliza Kaka. Akasema ni upepo. Nikamuuliza kama upepo huo unapandisha na viti. Akaniambia ninafanya kazi nyingi, nipumzike, na muda wote huo alikuwa anasugua kengele ya baiskeli iliyokwisha kung'aa kuliko paji la uso wake. Kaka akidanganya hutafuta kitu cha kusugua, amekuwa hivyo tangu utotoni.

Kilichonitia wazimu zaidi ni mshindani wetu wa ng'ambo ya barabara, yule bwana mrefu tunayemwita Kofia kwa sababu haivui hata akiwa ndani. Mara mbili nilimkuta Kaka amesimama naye kwenye pampu ya maji, na nilipotokea wakageuza maneno wakaanza kuzungumzia mvua, na mvua yenyewe haikuwepo. Kaka ni mfupi, hana haja ya kupandisha kiti. Kofia ni mrefu. Nikajumlisha. Nikaona kaka yangu anampa mshindani ufunguo, mshindani anaisoma njia yetu jiwe kwa jiwe kila alfajiri, na siku moja nitakuja nikute wameungana na mimi sina kazi. Miaka sita ya mikono yangu! Nilikasirika, sikatai, lakini zaidi niliumia. Nilikuwa nakula nao chakula cha mchana huku nawahesabia kila tonge.

Nikaenda kumpeleleza yule mama anayeuza mvinyo chini ya magofu. Akaniambia kweli, huwa anamwona mtu mrefu akipita jua linapochomoza, amejifunika kichwa kwa koti, anapanda kilima taratibu bila kushuka hata mara moja, na siku moja alimsikia anaimba. Nikasema moyoni, huyu mwizi ana raha zake. Sikumuuliza alikuwa anaimba nini. Ningemuuliza, pengine leo nisingekuwa nakuandikia haya.

Yaliyofuata unayajua, au unajua nusu yake. Alhamisi asubuhi wachuma zabibu walimkuta Baba amekaa chini pale darajani, ameegemea ukuta wa mawe, mfupa wa mtulinga umevunjika na uso umechubuka upande mmoja. Kando yake ilikuwa imelala namba saba. Baba yetu, mrefu kama Kofia, ambaye wewe ulimpiga marufuku baiskeli miaka miwili iliyopita baada ya kuanguka bafuni, ndiye aliyekuwa anapanda alfajiri zote hizo. Kaka alikiri palepale hospitali kwamba ufunguo alimpa yeye. Baba alimsihi, akamwapisha asituambie sisi wawili, wewe kwa sababu ungekataza na mimi kwa sababu ningekuambia. Kaka akasema tangu aanze kupanda, Baba analala vizuri, chakula kinapita, na akirudi anamsahihisha idadi ya askari wa mnarani. Na Kofia, kumbe, alikutana na mzee njiani, akaingiwa na wasiwasi, akaja kumuuliza Kaka kama ana ruhusa ya daktari. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya kwenye pampu.

Baba akamwambia daktari kwamba kizunguzungu kilimrudia. Kwamba aliona giza pale kwenye mteremko, akashtukia yuko chini. Daktari akaamini, ukaamini na wewe. Kaka naye ameamini, ndiyo maana barua yako imemwingia mpaka kwenye mifupa, maana anajiona alitaka kumuua baba yake. Mimi peke yangu sikuamini hata dakika moja, na nikanyamaza.

Dada, Baba hakupata kizunguzungu. Jumatano, wageni walipokwisha kuondoka, nilifunga mlango wa ghala, nikaigeuza namba saba waya za breki. Ya kulia nikaipeleka mbele. Utepe sikuufunga. Nilijua mtu yeyote anayeteremka kwenda darajani atabana mkono wa kulia kwa nguvu, kama tunavyofanya sote, na gurudumu la mbele litagoma ghafla. Nilitaka Kofia aanguke. Nilitaka achubuke viganja, nimwone na bandeji asubuhi, nimsute mbele ya Kaka. Nilijiambia ni kuchubuka viganja tu. Lakini ule mteremko naujua, nimeshaokota wageni pale. Nilijua mtu anaweza kuvunjika shingo, na bado nikaikaza nati ya mwisho, nikanawa mikono, nikaenda kwangu nikala nikashiba.

Siku tatu nilishindwa hata kuitazama ile baiskeli. Wachuma zabibu walikuwa wameirudisha, ikakaa kwenye kona yake na vumbi lake. Jumatatu, siku moja baada ya Baba kuruhusiwa kurudi nyumbani, ndipo nilipopata moyo wa kwenda kuzirudisha waya kabla mtu hajagundua. Nikakuta zimesharudishwa. Kulia nyuma, kushoto mbele, kama kawaida. Ugonjwa wangu ukaanza upya. Nikamshuku Kaka, kwamba aliniona na sasa ananiwekea akiba ya kuja kunisuta. Lakini Kaka hajui kufunga waya wa breki, dada, hata pancha namzibia mimi.

Nikatoka nje. Baba alikuwa kwenye benchi, mkono wa kushoto umefungwa kifuani, wa kulia ameulaza juu ya goti, na kucha za huo wa kulia zilikuwa nyeusi kwa grisi. Nikamuuliza anaendeleaje, akasema vizuri. Kisha, bila kunitazama, akaniambia kwamba ule waya wa mbele nilikuwa nimeuacha mrefu, ungekuja kumkwaruza mtu mguu, basi ameupunguza. Akauliza kama chai ipo. Nikaenda kubandika maji, nikalia jikoni mpaka yakakauka kwenye sufuria.

Sasa ameanza kukunja mashati. Anamwambia kila anayepita kwamba amevichoka vilima, kwamba huko kwako kuna lifti, na kwamba atakaa kwenye kochi atazame televisheni na wajukuu. Baba kuvichoka vilima! Mtu aliyepogoa mizabibu hii miaka thelathini, na ile siku ya kustaafu akaingia shambani tena kuangalia kama waliobaki wanapogoa sawasawa. Amekubali kuitwa mzee anayeanguka ovyo ili mimi nisijulikane. La Kaka kubeba lawama linamkera, naliona, maana kila jioni anamwita wacheze karata na anamwachia ashinde. Lakini kati yetu wawili amechagua kunificha mimi, na mimi nimekaa wiki nzima nikiitumia nafasi hiyo. Naona aibu ambayo siwezi kukueleza.

Kwa hiyo nakuomba. Kwanza umtake radhi Kaka. Kosa lake ni kumpa baba yake furaha na kunificha jambo hilo, na kwa jinsi nilivyo, alikuwa na haki ya kunificha. Kuhusu Baba, njoo umpime mwenyewe, wewe ndiye muuguzi. Mpime presha, mpime macho, msimamishe kwa mguu mmoja ukitaka. Ukikuta kizunguzungu cha kweli, mchukue, sitasema kitu. Usipokikuta, mwache hapa kwake. Juu yangu mimi amueni mtakalo. Nikiambiwa nisishike tena spana katika ghala lile, nitaona ni sawa.

Barua hii siifungi. Kaka ndiye anayekwenda posta, nitampa ikiwa wazi na kumwomba aisome kwanza. Baba nitamsomea mwenyewe jioni ya leo, nimekaa mbele yake. Najua atanikatiza kabla sijafika katikati, ataapa kwamba kilikuwa kizunguzungu. Safari hii nitamwomba aninyamazie, nisome mpaka jina langu.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto, na wewe mwenyewe jitunze na zamu hizo. Kaka angekusalimu kama angekuwa anasema. Baba anakusalimu na anasema usiendeshe gari kwa kasi.

Ni mimi mdogo wako wa mwisho, fundi,
niliyemwangusha Baba.