Saa Tano Hadi kwa Kasenga

Jumatatu, 2 Februari

Alunguli hadi kwa Mulamba. Saa nne na dakika kumi. Maji mazuri. Daraja moja la miti, bovu. Wanaume wa kubeba mizigo: chifu anasema ishirini, mimi nimeandika thelathini. Washenzi hawa hupunguza kila kitu isipokuwa wake zao.

Nimeshika saa ya jeshi! Luteni, yule mzungu tunayemwita Bwana Saa, amenikabidhi kwa mkono wake. Petroli imekwisha kwa sababu ya vita vyao, malori yamelala Kindu, sasa jeshi linatafuta njia za miguu za kupitisha mizigo kwenda Kampene. Yeye anapima upande wa mto. Upande huu nimepewa mimi, na askari mmoja mlevi. Kila kijiji naandika kwenye kitabu cha jeshi: saa ngapi kutembea, maji, muhogo, wanaume. Wenzangu wa ofisi watakufa kwa kijicho.

Jumatano, 4 Februari

Kwa Mulamba hadi kwa Lukali. Saa sita kasoro. Mvua.

Funza kwenye kidole gumba cha kulia. Askari amenichokoa kwa pini, amechokoa vibaya, pamevimba. Nimemtukana. Amecheka.

Ijumaa, 6 Februari

Mguu umejaa usaha. Kiatu hakiingii.

Imebaki sehemu moja tu, kutoka hapa hadi kwa Kasenga. Ni ya potopoto, matope ya kufika kiunoni. Siendi. Nimemwuliza mama wa nyumba ninamolala: kwa Kasenga ni mbali? "Si mbali, baba. Iko hapa tu. Utatoka asubuhi, chakula ya muchana utakula kule." Nimemwuliza mumewe. Si mbali. Chifu naye, si mbali.

Jibu hilo nalijua. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Mgeni mwenye mguu mbovu huwezi kumwambia njia ni ndefu, ni kama kumfukuza, au kumvunja moyo kabla hajafunga mzigo. Watu wetu wote husema si mbali, hata kama ni mbali ya kulia machozi. Na mwenye kuuliza hujua, hufunga chakula cha siku nzima na kushukuru.

Kitabuni nimeandika: saa tano. Maji mengi. Wanaume arobaini. Hao arobaini nimewatoa kichwani. Nani atakwenda kupima?

Wametuchinjia kuku. Mtamu. Askari amepata lotoko yake, pombe kali ya kienyeji, hana neno.

Jumanne, 10 Februari

Nyumbani, Alunguli. Bwana Saa amesoma kile kitabu cha jeshi ukurasa kwa ukurasa, kisha amenipiga bega. Safi, safi. Amechora njia yangu kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi kubwa ya ukutani. Nitakuwa karani wa kwanza, na nyumba ya matofali. Veronika mke wangu amepiga vigelegele hadi majirani wamekuja kuuliza nani amezaa.

Jumamosi, 14 Februari

Wapagazi wameanza kukamatwa vijijini. Nimemwombea Alfonsi, mdogo wake Veronika, awe kapita wao. Kapita habebi, anaongoza tu. Mama mkwe ametuma ndizi kunishukuru. Yeye hasemi nami, tangu nimwoe binti yake hajanisemesha hata mara moja, anajifunika kitambaa akiniona. Heshima.

Jioni Bwana Saa ametoa amri. Saa za kitabuni ndizo saa. Msafara ukichelewa, kapita anachapwa: fimbo nane kwa kila saa iliyozidi.

Nimefikiria ile potopoto. Kidogo tu. Halafu nimelala vizuri.

Jumamosi, 21 Februari

Alfonsi amerudi. Mgongo na matako vimechanika. Hawezi kukaa. Amekula sombe, majani ya muhogo, akiwa amelala kifudifudi, Veronika anamlisha kwa kidole.

Kwa Mulamba walifika sawasawa. Kwa Lukali pia. Lakini kwa Kasenga! Jua liliwazamia ndani ya potopoto. Walikuwa na chakula cha mchana mmoja tu, kwa sababu kitabu kimesema hivyo. Sajini aliyekuwa kule akiwangojea na saa yake alihesabu saa zilizozidi, akamlaza Alfonsi chini.

Kinachoniuma ni hiki: hanishuku. Ananistaajabia. "Shemeji, wewe uko na miguu gani? Ulipita pale saa tano?" Kisha: "Mwambie muzungu. Wewe ndiye kalani, atakusikia. Mwambie ile njia si ya saa tano ukiwa na muzigo."

Nimesema nitamwambia. Veronika ananitazama kama mtu anayetazama padri.

Jumapili, 22 Februari

Misa. Sikusikia mahubiri. Nikisema kweli: karani mwongo, fimbo mbele ya bendera, nyumba imekwenda, saa imekwenda. Nikinyamaza: Alfonsi ana mgongo mgumu, kijana bado.

Naogopa. Basi. Hakuna neno lingine.

Jumatatu, 23 Februari

Nimekwenda. Nimesimama mbele ya meza. Nimesema wapagazi wanalalamika juu ya sehemu ya mwisho. Bwana Saa amefungua kitabu, ameweka kidole pale pale. Wewe ulipita mwenyewe? Ndiyo, bwana. Saa tano? Saa tano, bwana.

Ingetosha. Lakini nimeongeza, bila kuulizwa: "Hawa wanakaa njiani kuvuta tumbaku." Kwa nini nimesema? Nilitaka aniamini zaidi. Ameniamini. Fimbo sasa ni kumi kwa saa.

Nimemwambia Veronika kwamba mzungu amekataa. Nimemwambia nilipiga magoti. Amenipikia samaki.

Jumanne, 3 Machi

Msafara wa pili umeondoka. Vidonda vya Alfonsi havijafunga, shati limegandia. Amenishika mkono kwa mikono miwili. Amesema safari hii atawakimbiza, watapita kama shemeji alivyopita.

Nimeandika majina ya wapagazi wote kwa mwandiko mzuri. Kazi imekuwa safi.

Alhamisi, 12 Machi

Alfonsi amekufa.

Askari mlevi ndiye aliyeleta habari, leo hakuwa amelewa. Mpagazi mmoja alizimia kwenye potopoto, Alfonsi akachukua mzigo wake ili wasichelewe. Mgongo ule ule. Walifika jua limekwisha. Sajini alimchapa hesabu yote, hakusamehe hata moja. Homa siku mbili. Wamemzika huko huko, nyuma ya vibanda vya kwa Kasenga.

Askari aliponiambia hakunitazama. Anajua mimi sikupita. Nami najua hatasema, naye alikula kuku.

Veronika amejitupa chini. Kilio hadi sauti imekatika. Nimelia na mimi. Machozi ya kweli. Nayachukia.

Ijumaa, 13 Machi

Matanga. Mama mkwe amekuja. Anataka kuona mwanawe alipolala, aweke mkono juu ya udongo, basi. Wazee wamemwambia njia ni mbaya. Amejibu, akiwa amegeuza uso ukutani: "Kalani iko. Yeye alishapita."

Wote wamenigeukia. Nimesema nitawapeleka. Bwana Saa amenipa ruhusa ya juma moja, na nusu gunia la chumvi kwa ajili ya msiba. Ni mtu mwema akitaka.

Jumanne, 17 Machi

Kwa Lukali. Siku tatu mpaka hapa, kwa mwendo wa mama mzee. Yeye nyuma, Veronika katikati, mimi mbele. Hawajui kwamba kuanzia kesho na mimi ni mgeni wa njia.

Jumatano, 18 Machi

Tumetoka jua likichomoza. Tumefika likizama. Bila mzigo.

Mara mbili nimepotea. Mara mbili Veronika amesema: huku kuna nyayo. Katikati maji yamefika kifuani, tumemshika mama mikono, amekuwa mwepesi sana. Hakuna mahali pa kuketi. Hakuna mahali pa kuvuta tumbaku.

Kaburi lipo. Kifusi kidogo, fimbo mbili zimefungwa msalaba. Vibanda sita. Nimehesabu wanaume: tisa, wawili wazee.

Mama mkwe ameketi. Ameweka mkono juu ya udongo. Muda mrefu. Veronika amelia, yeye hakulia. Kisha ameondoa kitambaa usoni, amenitazama. Kwa mara ya kwanza nimeona macho yake, ni ya Alfonsi. Amesema polepole, bila hasira:

"Baba, ulipita hapa lini?"

Veronika ameacha kulia, amenigeukia.

Nimeinama, nimenyoosha ule msalaba wa fimbo. Mama amejifunika tena.

Alhamisi, 19 Machi

Nimeamka, hawapo. Wametangulia kurudi. Wenyeji wanasema walitoka mapema, wakaomba mtu anayeijua njia.

Nimekula muhogo. Nimekaa. Kitabuni bado ni saa tano.