Kabla ya Kuchagua Boila au Pampu ya Joto

Mpendwa Nekesa,

Kosa la wengi ni kununua moto kabla ya kujua baridi inaingilia wapi. Mimi na nyanya yako tuko salama. Goti lake limepona, na Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu.

Umeniuliza kama nyumba yenu huko ughaibuni iwekwe boila ya gesi, inayochemsha maji ya kupasha nyumba joto, au pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la hewa ya nje na kuliingiza ndani. Miaka ya sabini tuliishi Kianda, mtaani Kibera, katika chumba cha udongo na mabati. Mama yako alizaliwa Julai, msimu wa baridi Nairobi, mdogo sana, na mkunga akatuonya asipatwe na baridi. Nikanunua jiko la pili la makaa, lakini vidole vyake havikupata joto. Jirani yetu Mama Wafula, fundi wa kukandika nyumba, aliingia akatazama pengo kati ya ukuta na paa.

"Mwalimu, na masomo yako yote hayo, unapasha joto Kibera nzima?"

Tukaziba nyufa siku hiyo hiyo, tukabakiza dirisha la hewa. Jiko moja likatosha, na hata tulipolitoa nje, joto lilibaki. Nyanya yako alishika vidole vya mtoto, akaniambia, "Sasa keti." Nikaketi, kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Boila hutoa joto kali upesi. Pampu hutoa joto la polepole, la mfululizo, ambalo nyumba yenye nyufa hulipoteza. Mkishaziba nyufa, chagueni pampu; joto lake la polepole litatosha, kama lilivyotosha jiko lile moja.

Leo lowesha kiganja, ukipitishe kando ya kila dirisha na mlango, na uweke alama unapohisi upepo.