Ekzosi Inayonasa Sumaku na Subi Mgongoni

Jumanne. Tunduma kuna vumbi na upepo wa baridi tangu asubuhi, malori yamepanga foleni mpaka huku kwetu kwenye yadi ya vyuma chakavu.

Nimechoka. Mwanangu Subi anaota meno, hatulali. Na leo kichwa changu hakielewi kitu.

Miaka mitatu nachambua vyuma kwa sumaku. Kikinasa, ni chuma cha kawaida, tupa kulia. Kisiponasa, ni stenlesi, kile kisichoshika kutu na chenye bei, weka kushoto. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wengine, tena kwa ukali.

Leo bosi kaleta fundi na mashine ya kupimia, umbo lake kama bunduki. Unagusisha mdomo wake kwenye chuma, unabonyeza, inakuandikia kilichomo ndani. Nikachukua ekzosi ya lori, sumaku inainasa vizuri tu. Mashine ikaandika: chuma, na kromiamu asilimia kumi na moja.

"Kaka, mashine yako mbovu," nikamwambia fundi.

"Siyo mbovu, dada. Hiyo ni stenlesi ya chuma na kromiamu tu, haina nikeli ya kuizuia isinase. Aina hiyo inanasa."

Basi ekzosi zote nilizotupa kulia!

Mama Eliya, mwenzangu wa kuchambua, akaangua kicheko. "Mwalimu wa sumaku kafeli leo!"

Nikamuuliza fundi mashine inaonaje ndani ya chuma. Akasema inatoa miale, miale inagonga chuma, na kila kilichomo humo kinarudisha mwale wake wa kipekee, ndio mashine inausoma. Nikaitikia kama nimeelewa. Sijaelewa. Kidato cha nne changu hakikufika huko.

Bosi akasema mimi ndiye nitakayeishika. Nilifurahi, nakiri. Tukaanza. Mama Eliya akaniinulia kipande cha bomba kwa mkono, kama tunavyofanya siku zote: mmoja anashika, mwingine anagusisha sumaku. Kidole changu kilishafika kwenye kitufe.

"Acha!" Fundi alipiga kelele yadi nzima ikageuka. "Hiyo ni miale ya eksirei! Chuma weka mezani, mkono wa mtu usiwe mbele ya mdomo!"

Mama Eliya akaliachia bomba, nusura limpige mguuni.

Hapo ndipo nikamkumbuka aliye mgongoni kwangu.

Nikaiweka mashine mezani taratibu. Fundi anasema nyuma ya mashine hakuna hatari ukifuata taratibu. Namwamini. Lakini Subi hajui taratibu, anadaka kila kinachopita begani kwangu. Bosi naye hakutaka maneno mengi: "Mama Subi, mtoto mwache nyumbani, au mashine nampa Mama Eliya."

Nyumbani nimwache na nani? Mama yangu yuko mbali, kijijini Ibaba, na viazi vyake. Na Subi bado ananyonya.

Kinachonichanganya sasa si kromiamu. Ni kwamba naitaka ile kazi, kuliko nilivyodhani. Kwa mara ya kwanza kuna kitu pale yadi natamani kukijua mpaka mwisho. Je, mama anaruhusiwa kutamani hivyo?

Kesho nitamwambia bosi: mashine nitaishika, Subi atakaa kwa jirani wa yadi, ng'ambo ya barabara, nami nitatoka mara mbili kwenda kumnyonyesha. Akikubali, sawa.

Akikataa, sijui. Ila nikiwa naye mgongoni, kile kitufe sikibonyezi.