Tuwekee Nafasi Kwenye Benchi, Tata

La, Tata, sijaacha kukaa. Najua ndilo jambo la kwanza unalotaka kujua, hata kabla ya kuuliza kama nakula vizuri. Siku ya harusi ulinivuta shela nje ya kanisa, watu wakipiga vigelegele, ukaninong'oneza: "Kukaa na Mungu ukiwa na shida ni rahisi, kila mtu anaweza. Sasa nataka kuona kama utakaa naye ukiwa na huyu." Ukamwonyesha Otieno kwa kidevu. Nilicheka. Siku hiyo nilikuwa nacheka kila kitu. Ukapanda gari la kurudi Kinangop kabla sijakujibu. Basi jibu ni hili, na limechelewa kwa sababu nilitaka liwe la kweli.

Lakini kwanza niache nimsifu kidogo. Tata, huyu mwanaume! Akirudi kutoka kazi ya kupaka rangi kule Ayany, hakosi tone mahali fulani, leo nyuma ya sikio, kesho kwenye nyusi, nami nalitafuta mpaka nilipate. Chumba chetu hapa Kibera ni kimoja, ukuta ni wa udongo, na amekipaka kijani kibichi kwa rangi iliyobaki kwenye madebe. "Wenye nyumba kubwa wanalala kwenye rangi hii hii," aliniambia, "lakini wao hawajui jina la aliyepaka." Mimi nalijua. Nalisema hata nikiwa peke yangu nachambua mchele.

Anacheka nikikuita Tata, kwa sababu kwao shangazi ni Waya. Nimemweleza kwamba wewe ni zaidi ya dada ya baba. Nimemweleza benchi.

Unanikumbuka nilivyokuja kwako Kawangware, kabla hujahamia Kinangop, baada ya mama kufariki? Mdomo wangu haukufungika, niliongea kutwa. Wewe ulikuwa na nyumba ya mbao mbele ya ploti, wapangaji nyuma, na kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, kabla ya kumpa mtu yeyote hata salamu, ulikaa kwenye benchi la mlangoni, blanketi mabegani, viganja wazi magotini. Ukanifungulia upande mmoja wa blanketi nikaingia. Lilinuka moshi na maziwa. Tulikaa mpaka jua lilipogusa mabati ya jirani. Wapangaji walikuzoea. Hata mwenye malalamiko ya choo alisimama kando akiyatazama mabati, akingoja yang'ae.

"Tata, leo Mungu amesema nini?" nilikuuliza asubuhi moja.

"Hajasema."

"Sasa tulikuwa tunafanya nini?"

"Tulikuwa tumekaa. Wewe ukienda kwa rafiki yako, lazima muongee saa zote?"

"Ndiyo!"

Ulicheka mpaka ukamwaga chai.

Nilipoingia sekondari ndipo ukanifundisha namna ya kukaa kwa ndani. Nimwambie Mungu: Mimi niko, Wewe uko. Basi. Mawazo yakija nisigombane nayo, niyaache yapite kama wapangaji wanaokwenda kuchota maji, kisha nirudi: Mimi niko, Wewe uko. Ukanisimulia pia ulikojifunza hayo, wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, mlipofungiwa kijijini na askari, wanawake wengi katika kibanda kimoja, na kuongea kumekatazwa. Hapo ndipo ulipompata Mungu, ulisema. Nilidhani nimekuelewa. Tata, nilisikia nusu tu.

Sasa sikiliza kilichotokea asubuhi yangu ya kwanza kama mke wa mtu.

Niliamka kabla yake, nikajifunga leso, nikaketi kwenye kigoda mlangoni. Nilijiambia, bibi harusi au si bibi harusi, Mungu kwanza. Otieno akaamka. "Mke wangu, umeamkaje?" Unajua kwa muda gani nilikuwa nimengoja kuitwa hivyo? Moyo uliruka. Lakini mabati ya jirani yalikuwa bado meusi, nikanyamaza.

"Wanjiru?"

Nikatikisa kichwa nikimaanisha ngoja kidogo.

"Kwani nimekosa nini?"

Nikainua mkono. Nilifikiri nitamweleza jua likitoka, kisha tucheke pamoja. Nikasikia viatu vinavaliwa kwa haraka, akanipita mlangoni, akaenda. Kumbe kwao, bibi harusi asiyejibu salamu ya asubuhi ya kwanza ameikataa nyumba! Maskini, alikimbia kumwita shangazi yake anayeuza dagaa wa omena karibu na Soko la Toi.

Waya alifika na beseni lake kichwani, hata hakulitua.

"Nani amekufa?"

Jua lilikuwa limeshatoka, kwa hiyo nikajibu. "Hakuna aliyekufa, Waya."

"Aa! Kumbe anaongea!" Akamgeukia Otieno aliyekuwa amesimama nyuma yake kama mtu anayengoja hukumu. "Umenitoa kwa biashara yangu ukiniambia umeoa bubu. Nyarwa, binti yetu, huyu amekufanya nini? Sema tu, nitamchapa."

Nikawaeleza. Nikaeleza benchi, blanketi, mabati. Otieno alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akashika kichwa, akaanza kucheka kwa ile furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu. Lakini Waya hakuridhika. Yeye ni wa kanisa la kanzu nyeupe na ngoma, unalijua.

"Mungu gani huyo hataki kusikia sauti ya mtu? Sisi tukinyamaza anafikiri tumelala."

"Wacha, Waya," Otieno akasema. "Kesho nitakaa na yeye."

Na akakaa. Ungemwona! Tulijifunika blanketi moja, kama mimi na wewe. Hazikupita dakika nyingi, akaninong'oneza, "Amefika?" Nikampiga kiwiko. Akajikuna. Akakohoa. "Wanjiru, huyu wa kwenu anachelewa."

Nilicheka sana. Lakini, Tata, siku zilivyoendelea nilianza kuogopa, na hili sijamwambia mtu. Kila nikifumba macho na kusema Mimi niko, Wewe uko, yule wa pili alikuwa Otieno. Nilimwona yeye, shingo yake, lile tone la rangi. Sikuwa na shida yoyote ya kumpelekea Mungu, na bila shida sikujua niingie kwake kwa mlango gani. Nikijaribu kunyamaza zaidi, redio ya jirani inaingia ukutani, mtoto wa nyumba ya ng'ambo analia, na mume wangu anapumua karibu nami kwa sauti tamu kuliko sala yoyote niliyowahi kusali. Nilikumbuka ulivyomwonyesha kwa kidevu, nikawaza: Tata aliona. Nimepewa mume, nimempoteza Mungu. Nilianza kuamka mapema zaidi, nikamwacha kitandani makusudi, nikakaa peke yangu. Kilikuwa kimya kikavu. Nilirudi ndani nimechoka kama niliyechota maji nikapata mtungi mtupu.

Siku moja alinifuata. Alikaa, akafunua viganja magotini kama nilivyomwonyesha, na baada ya kitambo akaanza kuvuma chini kwa chini, wimbo wa kwao wa ziwani, bila maneno, kidole kimoja kikigonga goti polepole. Nadhani hata hakujua anavuma. Nilifungua mdomo nimwambie shh.

Ndipo nikaikumbuka ile nusu nyingine. Nilikuwa Form Two, tunachambua maharagwe, nikakuuliza ulimpataje Mungu kwenye kile kibanda cha Imajensi, na usiku wenyewe ulikuwa wa hofu. Ukasema, "Niliwasikia wale wanawake wakipumua. Kila mmoja alikuwa na hofu yake na bado anapumua. Nikajua kuna mtu anawapa pumzi. Nikakaa naye." Ulisema hivyo, Tata! Ulikuwa umebanwa na watu pande zote, na ni kwa pumzi zao ulimsikia. Mimi miaka yote nilishika kimya, nikawaacha wale wanawake nje.

Nikafunga mdomo. Nikasikiliza mvumo wa mume wangu unapanda na kushuka, redio nyuma yake, yule mtoto, na jirani anayemfokea mtoto. Sikugombana na chochote. Mimi niko, Wewe uko, na huyu uliyenipa yuko. Na Mungu akawa hapo, Tata. Sijui niseme vipi. Hakuja kutoka mbali. Ni kama pale Kawangware ulipofungua blanketi, nikakuta palikuwa pamewekwa joto tayari. Nililia, na safari hii Otieno hakukimbia kumwita Waya. Alinyoosha tu upande wake wa blanketi akanifunika, akaendelea kuvuma.

Hilo ndilo jibu langu. Ndiyo, naweza kukaa naye nikiwa na huyu. Asubuhi nyingine bado sipati kitu, tunakaa tu, halafu tunanywa chai.

Sasa anakuogopa. Jana aliniuliza, "Tata wako atanipenda kweli?" Nikamwambia asubuhi utakapomwona hutasema neno lolote. Akasema, "Basi nitajua aje?" Nikamwambia atajua ukimfungulia blanketi.

Tutafika Kinangop kabla mwezi huu haujaisha, nimeshaomba ruhusa kazini na nimeshamnunulia sweta maana baridi ya huko haijui. Tutalala, na alfajiri tutakukuta mlangoni. Tuwekee nafasi kwenye benchi, huku na huku kwako, wewe ukae katikati. Na akianza kuvuma kabla mabati hayajang'aa, nakuomba, Tata, usimnyamazishe. Msikilize kwanza.

Ni mimi, mtoto wako wa ndani ya blanketi, sasa mke wa fundi wa rangi.